Swichi niliyoiweka kwenye king'ora cha ndege ya ndugu yangu

Assalaam aleikum wakuu, na ambao hatuko dini moja, hamjambo nyote.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka nimesoma nyuzi za watu, nikicheka, nikijifunza, bila kuandika hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu kuna jambo lilinikaa kifuani, na nimechoka kulibeba nikiwa nimefunga mdomo.

Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo mtanisamehe uandishi. Nitasema nilichokiona na nilichokifanya. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Mimi ni fundi wa nyaya za magari hapa Mombasa. Kibanda changu kiko Bondeni, lakini riziki yangu kubwa inatoka Shimanzi, kwenye mayadi ya makontena na magodauni. Nafunga taa, nabadilisha fyuzi, nafufua redio.

Kuna kazi moja sikuiandika kwenye ubao wa kibanda, lakini madereva wa Shimanzi waliijua.

Malori makubwa huwa na honi ya rivasi. Ile inayolia pii, pii, pii gari linaporudi nyuma, ili aliye nyuma asikie aondoke. Sasa dereva wa Shimanzi kazi yake ni kurudi nyuma kutwa nzima. Anaingia godauni, anatoka, anaambiwa kontena si hilo, anarudi tena. Ile sauti inamchimba kichwa. Basi wanakuja kwangu: "Fundi, ninyamazishie hiki kitu."

Kukata waya hawataki, kwa sababu siku ya ukaguzi lazima honi ilie. Kwa hivyo nilikuwa nawawekea swichi chini ya dashibodi, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki.

Mwanzo niliweka swichi za kawaida. Barabara za Shimanzi mnazijua. Lori linatikisika mpaka meno ya dereva yanagongana, na swichi inajigeuza yenyewe. Dereva mmoja wa bara, tumwite Musyoka, alinijia akiwa amekasirika na kucheka pamoja.

"Fundi, maiti yako imefufuka mbele ya askari wa geti!"

"Maiti gani?"

"Honi uliyoiua! Narudi nyuma nikasikia pii, pii. Askari ananiambia, kumbe lori lako lina ulimi, mbona siku zote ni bubu?"

Nilicheka, lakini nikaona aibu ya fundi. Nikatafuta swichi nyingine, zenye kufuli. Hizi lazima kwanza uvute kichwa cha swichi kwa vidole viwili, ndipo igeuke. Usipoivuta, hata uipige kwa nyundo, haigeuki.

Hiyo swichi ikawa sifa yangu. Nilikuwa nawaambia madereva, "Hii hata lori likipinduka, itabaki ulivyoiacha."

Shikeni hapo.

Sasa ndugu yangu.

Sisi kwa mama tulikuwa wawili. Mimi mkubwa, halafu baada ya miaka mingi Nassir. Mimi nilitoka shule mapema, yeye akasoma kwa sote wawili. Akawa rubani. Si wa zile ndege kubwa. Alirusha ndege ndogo ya propela moja, ya kampuni ndogo, akipeleka watu na mizigo visiwa vya kaskazini na viwanja vya vumbi huko bara.

Mji wa Kale mtu akiwa rubani hana jina tena. Hata mwenye kuuza kahawa alimwita Kapteni. Mama peke yake ndiye hakubabaika. Kila asubuhi alimuuliza kama amevaa sweta, kwa sababu juu kuna baridi.

"Mama, ndani ya ndege nafunga dirisha."

"Dirisha ni dirisha. Vaa sweta."

Na alivaa. Mtu mzima, ana mke, ana mabega ya kapteni, akivaa sweta la mama kwenye joto la Mombasa mpaka afike kwenye kona, ndipo alivue.

Nassir alikuwa na kidude. Kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hakikuja na ndege. Alikinunua mwenyewe kwa rubani mwingine aliyekuwa anaacha kazi, akakibandika juu ya dashibodi. Kazi yake ni moja. Unakiwekea urefu wa kwenda juu ambao hutaki ndege ishuke chini yake. Chenyewe kinapima uzito wa hewa. Ndege ikishuka chini ya pale ulipoweka, kinalia, na hakinyamazi mpaka upande tena.

Mimi nilimuuliza, kwani rubani hajui kama anashuka? Si ana saa mbele yake ya kumwonyesha urefu?

Akanieleza, na maneno yake nayakumbuka vizuri. Alisema saa inaonyesha, lakini lazima uitazame, na kuna wakati macho yako yako kwenye ramani au kwenye redio. Na ukiwa ndani ya wingu mwili unakuongopea. Ndege ikishuka polepole hujui. Injini inalia vilevile, kiti ni kilekile, nje ni pamba tupu. Unaweza kuwa unakwenda chini huku roho yako inakwambia uko sawasawa.

"Kaka," akasema, "macho yakishughulika, sikio liko bure. Kidude hiki ni cha sikio."

Sasa tatizo lake. Kile kidude hakijui kushuka kwa kutua na kushuka kwa ajali. Kila alipoteremka kiwanjani kwa salama yake, kililia. Na kililia vibaya, sauti nyembamba ya kutoboa. Abiria wakashtuka.

Siku moja alinitumia video kwenye simu. Kijana mmoja abiria ndiye aliyeirekodi akampa. Nyuma kulikuwa na bibi wa visiwani. Kidude kilipoanza kulia, bibi alidhani ndio mwisho wa dunia, akapiga shahada kwa sauti ndege nzima ikamsikia. Nassir alinitumia ile video na maneno mafupi: "Kaka, nisaidie kabla sijasilimisha abiria wote."

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Niliiangalia mara moja tu, nikarudi kazini.

Baada ya siku chache alikileta kibandani. Ilikuwa baina ya adhuhuri na alasiri, na mama alikuwa ametutumia ujumbe kwamba chakula kiko mezani na hatapasha moto mara mbili.

"Nipunguzie sauti," akasema.

Nilikifungua. Nilijaribu kuziba kitundu cha sauti kwa tepu. Ikawa kama mtu analia ndani ya mto, lakini bado inaudhi. Nikamwambia, sauti haipunguki bila kubadilisha vitu nisivyokuwa navyo. Ila naweza kukuwekea swichi. Ukikaribia kutua unazima. Ukipaa unawasha.

"Haitajigeuza yenyewe?"

Hapo wakuu kiburi cha ufundi kilinipanda. Nikachukua ile swichi yenye kufuli nikamwekea kiganjani.

"Jaribu kuigeuza."

Akajaribu. Haikugeuka.

"Vuta kwanza."

Akavuta, ikageuka. Akatabasamu.

"Hii hata ndege ikianguka," nikasema, "itabaki vile ulivyoiacha."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Yeye akanipiga bega, akasema, "Wacha uchuro, yakhe."

Halafu akaniuliza jambo moja zaidi. Akasema, "Na nikisahau kuiwasha?"

Kwenye droo yangu nilikuwa na taa ndogo nyekundu, nyingi tu. Fundi mwenye akili angeweka moja, iwe inawaka wakati kidude kimezimwa, ili jicho lione. Ni kazi ya dakika chache. Lakini chakula kilikuwa mezani, na mimi nina njaa, nikamjibu kwa mzaha:

"Utasahau vipi? Si wewe ndiye msomi wa nyumba?"

Akacheka. Nikafunga skrubu. Tukaenda kula. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mama akatununia kidogo kwa kuchelewa.

Sitaeleza sana siku yenyewe.

Ilikuwa wakati wa mvua za masika. Alitoka asubuhi na abiria, akawashusha kwenye kiwanja kimoja huko bara salama. Akaanza safari ya kurudi peke yake. Wingu lilikuwa limelala juu ya vilima vya upande wa Kwale. Ndege iliingia kwenye wingu, na haikutoka.

Watu wa kijiji cha karibu walisema walisikia injini ikiunguruma vizuri, sauti ya kawaida, mpaka kishindo. Ndege haikuwa na shida. Ilishuka polepole tu, hivi hivi, mpaka ikakuta kilima.

Alizikwa siku ya pili baada ya adhuhuri. Mimi niliingia kaburini kumpokea. Basi, hapo nitaishia.

Mke wake, Zuhura, akaingia eda. Kwa wasiojua, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumuoa, hawakai naye. Mimi shemeji si maharimu. Kwa hivyo tangu mazishi sikumwona uso. Nilikuwa nakwenda kwa mama kila siku, kwenye nyumba yetu Mji wa Kale, na yeye yuko chumba cha ndani, na salamu zinapita mlangoni.

Baada ya wiki kadhaa wakaja wachunguzi wa ajali za ndege, mwanamume na mwanamke. Watu wa heshima, walivua viatu bila kuambiwa. Mama aliwakaribisha kwa chai na mahamri. Mimi ndiye niliyekuwa namimina chai.

Walieleza walichokijua mpaka siku ile, kwamba hawajaona ubovu kwenye injini. Halafu yule mwanamke akatoa picha.

Ilikuwa picha ya kile kidude. Kona moja imepasuka. Na swichi yangu pembeni, nzima, imeelekea chini.

Chini ni kuzima.

Akauliza kama kuna mtu wa familia anayejua swichi hii ilitoka wapi, kwa sababu kidude cha aina hii kiwandani hakitoki nayo.

Mama akanitazama, kwa sababu mimi ndiye fundi. Hakunishuku. Alinitazama kama mtu anayeuliza maana ya neno.

Nikasema, "Sijui. Labda alikinunua hivyo."

Yule mwanamke akaandika. Akaendelea, kwa upole, akasema hawawezi kusema kama marehemu alikizima mwenyewe. Kishindo kikubwa huweza kugeuza swichi. Huenda kidude kilikuwa kimewashwa, kikalia, na yeye akawa anapambana.

Mama akashusha pumzi ambayo naona alikuwa ameishika tangu siku ya mazishi. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi mwanangu hakufanya uzembe."

Na nyuma ya mlango wa ndani nikamsikia Zuhura akilia taratibu. Kile kilio cha mtu aliyepunguziwa mzigo.

Mko nami wakuu? Katika watu wote waliokuwa kwenye ile nyumba, mimi peke yangu nilijua kwamba kishindo hakigeuzi swichi ile. Nilichagua swichi ile kwa sababu haigeuki. Ilikuwa chini kwa sababu ndugu yangu aliivuta kwa vidole viwili akaizima alipokuwa anatua huko bara. Na alipopaa kurudi nyumbani, akasahau.

Nikamimina chai. Sikumwaga hata tone, na hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Niliendelea na maisha hivyo, siku baada ya siku. Nikijiambia nanyamaza kwa ajili ya mama. Niseme ukweli: robo ilikuwa kwa ajili ya mama. Robo tatu niliogopa. Niliogopa sheria, kwa sababu mimi si fundi wa ndege na sina karatasi ya kugusa kitu cha ndege. Na niliogopa uso wa mama.

Siku moja Musyoka akaja kibandani. Amepewa lori jipya na bosi wake, na honi ya rivasi ni kali.

"Fundi, niulie hii."

Nikachukua vifaa, nikaingia chini ya dashibodi. Nikashika waya. Nikashindwa. Nilikaa pale kwenye sakafu ya lori, kichwa kwenye pedali, sijui muda gani.

Musyoka akainama kunitazama. "Fundi, umelala ama umeokoka?"

Nikatoka, nikashuka chini. "Sifanyi tena hii kazi."

"Kwani nimekukosea?"

Nikamuuliza, "Musyoka, ukirudi nyuma pale godauni, nyuma yako kuna nani?"

Akafikiri. "Makuli. Wapakiaji. Na yule mama wa uji."

"Wanakusikiaje?"

Akageuka akatazama nyuma ya lori. Halafu akasema kwa sauti ya chini, si ya mzaha tena, "Fundi, pole kwa ndugu yako," akawasha lori akaenda. Sijui alijuaje kwamba nilikuwa nazungumza habari za Nassir. Mimi sikumtaja.

Alasiri ile ile, baada ya swala, nikaenda nyumbani kwa mama.

Nilifikiri sana nimwambie nani kwanza, nikaona mwenye haki ya kwanza ni Zuhura. Nikamwomba mama akae naye ndani, mlango urudishwe, mimi nikae kwenye kigoda ukumbini.

"Una neno gani la kukaliwa hivi?" mama akauliza. "Waogopesha watu."

"Kaa mama, tafadhali. Yuko karibu?"

"Yuwakusikia. Haya, sema."

Nikasema yote. Kidude, swichi, kufuli, taa nyekundu niliyoiacha kwenye droo kwa sababu ya njaa, swali aliloniuliza na mzaha niliomjibu. Nikawaambia wale wachunguzi walikosea kwa kutojua, na mimi niliwaacha wakosee. Nikawaambia swichi haikugeuzwa na kishindo.

Nilikuwa nazungumza na mbao za mlango. Zungumzeni siku moja na mlango, wakuu, mjue ni kitu gani. Huoni jicho la mtu. Huna pa kusimama.

Nikamaliza. Nje mtoto alikuwa anauza kachiri za muhogo, anapita akitangaza.

Mama ndiye aliyeanza. "Mbona hukunambia siku ile?"

"Niliogopa, mama."

"Wamwogopa mamako?"



Halafu Zuhura. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu aliyeamka sasa hivi.

"Siku ile alirudi akifurahi, shemeji. Alinionyesha. Akanivutia ile swichi, akanambia jaribu na wewe. Akasema kaka yangu hana karatasi, lakini hakuna mwenye karatasi anayemshinda."

Nikainamisha kichwa.

"Mimi nilijua ilikuwa swichi yako," akasema. "Wale watu walipouliza, nami nilisikia. Nami nilinyamaza. Nilitaka iwe kishindo."

Wakuu, sikulitegemea hilo. Nilikwenda pale nikijidhani mimi peke yangu ndiye mwenye mzigo, kumbe upande wa pili wa ubao kuna mtu amekaa na nusu yake.

 Kisha Zuhura akauliza:

"Kinaliaje?"

"Nini?"

"Hicho kidude. Sikuwahi kukisikia. Hapa nyumbani hakikulia. Nataka kujua ni sauti gani angeisikia."

Kidude kiko kwa wachunguzi. Lakini nikakumbuka ile video ya bibi. Ilikuwa bado kwenye simu yangu. Tangu msiba sikuthubutu kufungua mazungumzo yetu.

Nikaitafuta. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikaweka simu kwenye mwanya wa mlango, nikabonyeza.

Kikalia. Ile sauti nyembamba ya kutoboa, ikajaa ukumbi. Bibi akaanza shahada. Watu wakacheka. Halafu, na hili mimi nilikuwa nimelisahau kabisa, nilipoiangalia mara ya kwanza nilikuwa nacheka na sikusikiliza, ikaja sauti ya Nassir kutoka mbele, imetulia:

"Usiogope bibi. Wacha kilie, ndiyo kazi yake."

Na video ikaisha.

Mama alitoa sauti ambayo sitaiandika hapa.

Zuhura akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia, shemeji."

Mara ya nne mlango ukafunguka kidogo, mkono wa mama ukatoka, ukachukua simu, ukaufunga mlango. Nikakaa pale kwenye kigoda nikisikia kidude, bibi, vicheko, sauti ya ndugu yangu. Kidude, bibi, vicheko, ndugu yangu. Mpaka kukaadhiniwa magharibi.

Mama alipotoka kunirudishia simu, macho yamevimba, hakunikumbatia wala hakunifukuza. Alinirekebisha kola ya kanzu kama alivyonifanyia nilipokuwa mdogo.

"Kesho nenda kwa wale watu," akasema. "Ukaseme."

"Watasema Nassir alizembea, mama."

"Alisahau. Kusahau ni kusahau. Mwanangu hataki uongo umlinde kaburini."

Nikaenda. Nilibeba swichi moja mpya mfukoni. Yule mwanamke mchunguzi alinisikiliza bila kunikatiza. Nikamwambia nilimwambia uongo siku ile ya chai. Akaomba swichi. Akaisukuma kwa kidole, haikugeuka. Akaigonga ukingoni mwa meza, mara kadhaa, kwa nguvu. Haikugeuka. Kisha akaivuta kwa vidole viwili, akasikia ile tiki. Akaitazama muda mrefu, halafu akaanza kuandika upya.

Alinionya, na huenda nikaitwa tena. Nikiitwa nitakwenda.

Alinieleza jambo moja la kunifariji kidogo, na nalisema kwa kuwa nimeahidi ukweli wote. Alisema hata kidude kingelia, hakuna wa kuapa kwamba angewahi kupanda. Huenda angewahi, huenda hangewahi. Mimi nalichukua hivyo hivyo, lakini haliniponyi. Sikio lake lilikuwa bure siku ile. Mimi ndiye niliyelinyima kazi.

Tangu hapo nimekuwa nikizunguka Shimanzi kutoa swichi zangu. Nakwenda lori kwa lori. Wengine wananicheka, wananiita Sheikh Rivasi. Wengine wamekataa kabisa, wanasema kichwa ni chao. Siwalaumu, mimi ndiye niliyewazoesha. Naenda tena wiki inayofuata, nawaomba tena.

Musyoka alikubali kuiacha honi ya lori lake jipya ilie, ila alinitoza maneno. "Kwa hivyo sasa niumwe na kichwa kwa ajili ya mama wa uji?"

"Ndiyo."

"Basi aniongezee sukari."

Eda ya Zuhura imeisha majuzi. Amerudi kwao kwa sasa. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa neno moja, "Video." Nikamtumia. Yangu nimeibakisha.

Naye ndiye aliyeniambia niandike humu. Alisema, shemeji, umesema na mlango, sasa sema na watu.

Nilichojifunza hakina ufasaha. Kitu kilichowekwa kikuonye kitakuudhi, hakuna namna nyingine. Kisipokuudhi hakikuonyi. Na fundi, mwenzangu fundi, ukiombwa ukinyamazishe, uliza kwanza nani atakuwa nyuma au chini siku kitakapokuwa kimya. Ukishindwa kukataa, angalau weka taa. Dakika chache tu. Chakula kitasubiri.

Wakuu, najua kila mmoja wenu ana kitu kimoja alichokizima kwa sababu kinapiga kelele. Cha moshi jikoni, cha mkanda wa gari, cha geti, au hata mtu anayekupigia simu kukwambia usilotaka kusikia. Nendeni mkakiwashe kwanza. Halafu rudini hapa mniandikie ni kitu gani. Nitasoma yote, na mwenye kunilaumu pia nitamsoma.

Na mumwombee Nassir. Kila nikipita Shimanzi na lori likirudi nyuma likilia, mimi husimama mpaka limalize.